Tope, Hati na Wimbo: Historia na Jiografia ya Kaunti ya McIntosh, Georgia

Utangulizi

Mto Altamaha unapoifikia bahari ya Atlantiki katika pwani ya jimbo la Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani, hugawanyika mikono minne inayopita katikati ya visiwa vya tope. Upande wa kaskazini wa delta hiyo imeenea kaunti ya McIntosh, kaunti ya mashambani ambayo sensa ya mwaka wa 2020 iliipata na wakazi 10,975 tu. Makao yake makuu, Darien, ni mji mdogo kando ya mto. Msafiri anayeifuata barabara kuu iendayo Florida huivuka kaunti nzima kwa muda usiofika saa moja, na mara nyingi hajui kwamba ameivuka.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: Georgia na Kiswahili wapi na wapi? Jibu limo katika matini mbili zilizopatikana katika kaunti hiyo. Ya kwanza ni hati ya kurasa 13 iliyoandikwa kwa Kiarabu na mtumwa. Ya pili ni wimbo wa mistari mitano ulioimbwa na mwanamke ambaye hakujua maana ya hata neno lake moja. Matini zote mbili zilikaa miaka mingi zikisomwa visivyo, au zisisomwe kabisa, mpaka zilipofikiwa na wataalamu waliokuwa wamejifunza lugha za Afrika. Makala haya yanashikilia kwamba historia ya McIntosh haikukosa ushahidi bali ilikosa wasomaji. Aidha, yanaonyesha jinsi umbo la nchi yenyewe, yaani maji, tope na visiwa vyake, lilivyoamua nani angeishi wapi, angezungumza lugha gani na angenyang'anywa nini.

Nchi ya maji kujaa na kupwa

Takribani robo ya eneo la kaunti hii ni maji. Anayetoka magharibi kuelekea baharini hupita kwanza katika misitu ya misonobari iliyoota juu ya mchanga tambarare. Kisha huja ukanda mwembamba wa ardhi kavu wenye Darien na vijiji vingi vya kaunti. Baada ya hapo nchi hugeuka kuwa kinamasi cha maji ya chumvi, nyasi tupu hadi upeo wa macho, iliyokatwakatwa na vijito visivyonyooka. Mwisho kabisa ni visiwa vinavyoikinga pwani na mawimbi, na kikubwa chao katika kaunti hii ni Sapelo. Hakuna daraja la kwenda Sapelo. Anayetaka kufika huko hungoja kivuko.

Tofauti ya maji yanapojaa na yanapokupwa katika pwani hii huzidi mita mbili. Mara mbili kwa siku bahari huingia ndani ya kinamasi na kutoka. Hukadiriwa kwamba theluthi moja ya vinamasi vya chumvi vilivyosalia katika pwani ya mashariki ya Marekani imo Georgia, na si ajabu kwamba Chuo Kikuu cha Georgia kilianzisha taasisi ya utafiti wa bahari huko Sapelo mwaka wa 1953. Utafiti uliofanywa hapo ulisaidia kuthibitisha kwamba kinamasi, ambacho wengi walikiona kuwa ardhi ya bure, ni miongoni mwa mahali penye rutuba kubwa kabisa duniani.

Jambo la kuzingatia zaidi kwa historia ni lile linalotokea mtoni. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi. Bahari inapojaa na kuusukuma mto nyuma, maji ya chumvi hukaa chini, nayo maji baridi huinuliwa juu yake. Kwa hiyo kuna sehemu ya mto, si mbali sana na bahari, ambapo maji yanayopanda na kushuka kila siku ni maji yasiyo na chumvi. Atakayejenga tuta na kutia mlango wa maji mahali hapo anaweza kulijaza shamba na kulikausha bila ya pampu yoyote. Utajiri wote wa McIntosh ya kale, pamoja na dhuluma yake yote, ulisimama juu ya jambo hilo moja.

Altamaha una kisa kingine kinachostahili kutajwa japo kwa kupita. Mwaka wa 1765 John Bartram na mwanawe William, wataalamu wa mimea, waliuona kando ya mto huu mti mdogo wenye maua meupe. Baadaye William alirudi, akachukua mbegu na kuzipanda Philadelphia, na mti ukaitwa kwa jina la Benjamin Franklin. Haujaonekana porini tangu mwaka wa 1803. Miti yote ya aina hiyo iliyopo leo duniani ni ya kupandwa bustanini.

Waskoti na ombi lao

Kabla ya Wazungu, pwani hii ilikuwa ya watu walioitwa Waguale, na jina Sapelo limetokana na jina la zama zao, ambalo Wahispania waliliandika Zapala. Wahispania walikuwa na misheni zao hapa katika karne ya 17. Waingereza wa South Carolina walijenga ngome karibu na mlango wa mto mwaka wa 1721, wakaiacha mwaka wa 1727. Koloni la Georgia lilipoanzishwa, mwasisi wake James Oglethorpe alihitaji askari wa kuulinda mpaka wa kusini dhidi ya Wahispania wa Florida. Aliwaleta Waskoti kutoka nyanda za juu za Uskoti, watu waliozungumza Kigaeli, nao wakaufungua mji wa Darien mwezi wa Januari 1736.

Sheria ya Georgia wakati huo ilikataza utumwa. Walowezi wa Savannah walipoomba katazo hilo liondolewe, watu 18 wa Darien walitia sahihi ombi la kulipinga, tarehe 3 Januari 1739. Hoja zao nyingi zilikuwa za kujihami: Wahispania waliokuwa jirani waliwapa uhuru watumwa watoro, na mlinzi wa mpaka hawezi kulala usingizi akiwa na adui ndani ya nyumba. Hata hivyo, ombi hilo liliongeza kwamba kuwahukumu binadamu na vizazi vyao utumwa wa milele ni jambo la kuutia ubinadamu kitisho. Ni nadra kukuta maneno ya aina hiyo katika makoloni ya kusini katika miaka hiyo, na wasomi wengi wameyasifu. Sifa hizo zipokewe kwa kiasi. Kufikia mwaka wa 1751 katazo lilikuwa limeondolewa, na familia zilezile za Darien zikanunua watumwa. Kaunti ilipomegwa kutoka kaunti ya Liberty mwaka wa 1793, ilipewa jina la ukoo wa McIntosh, ukoo mkuu wa Waskoti hao.

Mpunga, ngwe na lugha

Mpunga ndio uliolipa. Watumwa walikata misitu ya delta, wakachimba mifereji na kuinua matuta ndani ya tope lenye mbu na nyoka. Wengi wao walitoka katika nchi za Afrika Magharibi ambako mpunga ulikuwa ukilimwa karne nyingi, kuanzia Senegambia hadi Sierra Leone. Judith Carney, katika kitabu chake Black Rice (2001), alidai kwamba Waafrika hawakuleta nguvu za mikono pekee bali pia maarifa ya kilimo chenyewe. David Eltis na wenzake walimpinga mwaka wa 2007 wakitumia takwimu za safari za meli za watumwa. Mjadala haujaisha.

Shamba linalofahamika zaidi ni la kisiwa cha Butler, mkabala wa Darien. Mwenye shamba, Pierce Mease Butler, alikuwa amemwoa Fanny Kemble, mwigizaji mashuhuri wa Kiingereza. Kemble alikaa huko na katika shamba la pili la familia katika kisiwa cha St. Simons kuanzia mwisho wa 1838 hadi 1839, akaandika aliyoyaona: wanawake waliorudishwa shambani wiki chache baada ya kujifungua, hospitali isiyo na kitanda, viboko. Aliyachapisha mwaka wa 1863, wakati wa vita, ndoa yake ikiwa imekwisha kuvunjika. Butler naye, akiwa amezama katika madeni, aliwauza zaidi ya watu 400 huko Savannah tarehe 2 na 3 Machi 1859 kwa zaidi ya dola 300,000. Mnada huo unakumbukwa kwa jina la Wakati wa Kilio. Bomba la moshi la kinu cha mpunga, la matofali, bado limesimama Butler kando ya barabara.

Mfumo wa kazi katika mashamba haya ulitofautiana na ule wa mashamba ya pamba ya bara. Mtumwa hakufanyishwa kazi kuanzia macheo hadi machweo chini ya msimamizi mmoja. Kila mtu alipimiwa ngwe yake, na aliyeimaliza aliweza kushika shughuli zake. Tena, malaria iliwafukuza mabwana kila kiangazi. Wazungu walikimbilia penye upepo mkavu, wakawaacha Waafrika visiwani na wasimamizi wachache. Watu wa makabila mbalimbali, wakiwa wengi, wakiwa peke yao, na wakitengwa na bara kwa vinamasi, wanahitaji lugha. Lugha waliyoijenga ni krioli inayoitwa Kigullah, ambayo Georgia hujulikana zaidi kwa jina la Kigeechee. Isimu jamii hufundisha kwamba krioli huzaliwa penye mgusano wa lugha na utengano wa watu. McIntosh ilitoa vyote viwili kwa sababu ya tope na mbu.

Kwa muda mrefu lugha hii ilidharauliwa na kuitwa Kiingereza kibovu cha watu wasioweza kutamka. Aliyeibadilisha hukumu hiyo ni Lorenzo Dow Turner (1890–1972), mwanaisimu Mmarekani mweusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alizunguka pwani ya South Carolina na Georgia, pamoja na McIntosh, akiwa na mashine nzito ya kurekodia sauti. Kisha alikwenda London kujifunza lugha za Afrika, kwa kuwa alitambua kwamba asiyezijua hawezi kuusikia Uafrika wa Kigullah hata ukitamkwa mbele yake. Kitabu chake Africanisms in the Gullah Dialect kilitoka mwaka wa 1949, kikiwa na maelfu ya majina ya watu na maneno yenye asili ya Afrika.

Msomaji wa Kiswahili hatakuwa mgeni kabisa katika kurasa za Turner. Neno guba, yaani njugu karanga, limetokana na nguba la Kikongo. Gumbo, jina la bamia na mchuzi wake, lina asili katika lugha za Angola. Hizo ni lugha za Kibantu, ndugu wa Kiswahili. Sarufi nayo haishangazi sana: kiwakilishi kimoja hutumika kwa mwanamume na mwanamke, na wakati na hali huonyeshwa kwa vipashio vidogo vinavyotangulia kitenzi.

Hati ya Bilali

Huko Sapelo bwana alikuwa Thomas Spalding (1774–1851), mkulima wa pamba ya nyuzi ndefu na miwa. Alijenga nyumba na viwanda kwa mchanganyiko wa chokaa ya maganda ya chaza, mchanga na maji, na magofu yake yangalipo. Msimamizi wake mkuu alikuwa mtumwa aitwaye Bilali Muhammad, mzaliwa wa Timbo katika Futa Jallon, nchi ambayo leo ni Guinea. Bilali alikuwa Mwislamu aliyesoma. Katika miaka ya 1930 wajukuu na vitukuu wa watumwa wa Sapelo waliwasimulia watafiti wa serikali jinsi wazee wao walivyoswali kwa kuelekea jua na kuhesabu tasbihi. Walisimulia pia keki bapa za mchele zilizogawiwa watoto siku maalumu, zikiitwa saraka. Wasimulizi hawakujua asili ya neno hilo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi, kwani ni neno lilelile la Kiarabu lililotupa sadaka.

Bilali aliacha hati ya kurasa 13 kwa herufi za Kiarabu. Iliangukia mikononi mwa mwandishi Francis Goulding, na leo imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Georgia. Kwa miongo mingi ilidhaniwa kuwa shajara ya mtumwa au hesabu za shamba. Wasomi wa Kiarabu walioonyeshwa walishindwa nayo, kwa kuwa mwandiko ni wa Afrika Magharibi na tahajia yake hufuata masikio ya mtu anayeandika kutoka kichwani, mbali na vitabu na walimu.

Aliyeifumbua ni Joseph Greenberg, jina linalojulikana na kila mwanafunzi wa isimu ya Kibantu, kwa sababu ni yeye aliyeuweka Kiswahili pamoja na Kibantu chote ndani ya familia ya Niger-Kongo katika uainishaji wake wa mwaka wa 1963. Alipokuwa miongoni mwa Wahausa kaskazini mwa Nigeria, kijana bado, aliwaonyesha masheikh nakala ya hati hiyo. Matokeo aliyachapisha mwaka wa 1940. Haikuwa shajara. Ilikuwa na sehemu za Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, mwanachuoni wa karne ya 10 wa madhehebu ya Maliki: udhu, adhana, sala. Mzee huyo alikuwa akiandika masomo ya chuoni, pengine ili asiyasahau, pengine ili awafundishe wanawe. Jambo la kusikitisha ni kwamba waliotarajia shajara walivunjika moyo, wakaona kwamba hati haina habari. Habari iliyomo ni kubwa: mtu aliyetekwa akiwa kijana, akauzwa na kuvushwa bahari, alibaki na darasa lake kichwani mpaka uzeeni.

Uhuru na ardhi

Tarehe 11 Juni 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, majeshi ya Kaskazini yaliuteketeza mji wa Darien. Miongoni mwao walikuwamo askari weusi wa kikosi cha 54 cha Massachusetts, ambao kamanda wao, Robert Gould Shaw, aliichukia amri hiyo. Tarehe 16 Januari 1865 Jenerali Sherman alitoa amri namba 15 iliyowatengea watu weusi visiwa na mashamba ya mpunga ya pwani, vipande visivyozidi ekari 40 kwa kila familia. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson aliwarudishia ardhi hiyo mabwana wa zamani.

Tunis Campbell, mhubiri mweusi aliyezaliwa New Jersey mwaka wa 1812, alikuwa ametumwa kuwasimamia watu wa visiwa wakati huo. Alipofukuzwa visiwani alihamia bara, McIntosh, ambako weusi walikuwa wengi kuliko weupe. Mwaka wa 1868 alichaguliwa seneta wa jimbo, akatolewa bungeni pamoja na wabunge wengine weusi kwa sababu ya rangi, akarejeshwa mwaka wa 1870. Huko Darien alikuwa hakimu, na waajiri wa mbao waliowapunja vibarua walimwogopa. Hatimaye waliokuwa mabwana walimpata mahakamani. Mwaka wa 1876, akiwa na zaidi ya miaka 60, alipelekwa kazi ngumu katika mfumo wa kuwakodisha wafungwa. Alipotoka alikwenda kuandika kumbukumbu zake, akafia Boston mwaka wa 1891.

Kazi ya Campbell haikufutika yote. Mwezi wa Agosti 1899 mtu mweusi aitwaye Henry Delegale alishikwa kwa tuhuma ya kubaka. Ilipovuma kwamba atahamishwa, watu weusi walijua maana yake: angenyongwa njiani. Waliigonga kengele ya kanisa na kuizunguka jela. Wengi wa waliokusanyika walifungwa kwa fujo, lakini Delegale alifika mahakamani akiwa hai, akaachiliwa. Katika Georgia ya miaka ile, hilo ni jambo kubwa.

Uchumi ulikuwa umehamia kwenye misonobari. Magogo yalifungwa vyelezo na kuelea mamia ya kilomita kutoka bara hadi Darien, bandari iliyopeleka mbao Ulaya. Misitu iliisha mwanzoni mwa karne ya 20, bandari ikafa, watu wakageukia uvuvi wa kamba. Weusi walibaki na vipande vidogo walivyovinunua wenyewe. Huko Sapelo, watu walionunua ardhi ya Raccoon Bluff mwaka wa 1871 walifanya hivyo miaka sita tu baada ya utumwa.

Harris Neck na wimbo wa Amelia Dawley

Kaskazini-mashariki mwa kaunti kuna rasi iitwayo Harris Neck. Baada ya vita familia za weusi zilikaa hapo zikilima, zikivua na kufungasha chaza. Ndipo Turner alipomrekodi Amelia Dawley akiimba wimbo aliofundishwa na wazee wake. Mwanafunzi kutoka Sierra Leone aliyekuwa Marekani alimwambia Turner kwamba lugha ilikuwa Kimende. Wimbo ukaingia kitabuni, ukakaa.

Mwaka wa 1942 serikali kuu ilitwaa zaidi ya ekari 2,600 za Harris Neck kwa ajili ya uwanja wa ndege za kijeshi. Wenyeji walipewa muda mfupi tu wa kuondoka, na nyumba zikabomolewa au kuchomwa. Vita vilipokwisha ardhi haikurudishwa. Ilikabidhiwa kaunti, na mwaka wa 1962 ikawa hifadhi ya wanyamapori. Wazawa walipiga kambi humo mwaka wa 1979 wakidai chao, na mahakama ikaamuru waondolewe. Korongo wana makao Harris Neck. Wajukuu wa wenyeji huingia kama wageni.

Wimbo haukuhitaji hati ya umiliki. Mwisho wa miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Joseph Opala, mtaalamu wa muziki Cynthia Schmidt na mwanaisimu Tazieff Koroma waliusikiliza upya. Koroma alilitambua neno kambei, kaburi, na lahaja iliyowaelekeza kusini mwa Sierra Leone. Mwaka wa 1990 walimpata Bendu Jabati katika kijiji cha Senehun Ngola. Alipousikia alianza kuuimba. Nyanya yake alikuwa amemfundisha. Ulikuwa wimbo wa maziko, wa wanawake, ulioimbwa makaburini katika ibada ambayo dini mpya zilikuwa zimeififisha. Binti ya Amelia Dawley, Mary Moran, ambaye naye aliukumbuka tangu utotoni, alipatikana Harris Neck. Vita vya Sierra Leone vilichelewesha safari, lakini mwaka wa 1997 alifika Senehun Ngola. Tukio hilo lilitengenezewa filamu mwaka wa 1998.

Wanafunzi wa fasihi simulizi huambiwa kwamba kila fanani huibadilisha kazi kulingana na hadhira na wakati. Dawley hakubadilisha. Kwa kuwa hakuyaelewa maneno, hakuwa na namna ya kuyarekebisha, na pengine kutoelewa huko ndiko kulikoyalinda. Nadharia zetu za utendaji hazijalieleza vyema jambo hili.

Kaunti hii ina kumbukumbu nyingine ya mwili. Katika kijiji cha Bolden, karibu na Eulonia, watu hukesha usiku wa kuamkia mwaka mpya wakizunguka kwa duara kinyume cha mwendo wa saa, pasipo kuikutanisha miguu, huku fimbo ikigongwa sakafuni. Wenyewe huita shout. Turner alihisi kwamba neno hilo halikutokana na Kiingereza, bali na shaut la Kiarabu, mzunguko mmoja wa kutufu Kaaba. Dhana hiyo inavutia, lakini haijathibitishwa na inafaa itumiwe kwa tahadhari.

Kisiwa kilichosalia

Nusu ya pili ya karne ya 20 McIntosh ilijulikana zaidi kwa sherifu wake, Tom Poppell, aliyeshika kazi kuanzia 1948 hadi kifo chake mwaka wa 1979, na kwa madanguro na kamari za kuwaibia watalii kando ya barabara ya zamani ya Florida. Melissa Fay Greene ameieleza enzi hiyo katika Praying for Sheetrock (1991), pamoja na kuinuka na kuanguka kwa Thurnell Alston, mtu mweusi aliyechaguliwa katika baraza la kaunti mwaka wa 1978. Barabara mpya ilipojengwa kando, watalii walitoweka na kamari ikafuata.

Sapelo nayo ilikuwa imenunuliwa na matajiri mmoja baada ya mwingine. R. J. Reynolds, mrithi wa utajiri wa tumbaku, aliichukua mwaka wa 1934, na katika miaka ya 1950 na 1960 akawakusanya weusi wote wa vijiji vya kisiwa, pamoja na Raccoon Bluff, katika kimoja tu: Hog Hummock, takribani ekari 430. Sehemu kubwa ya kisiwa ikawa mali ya jimbo baada ya kifo chake. Cornelia Walker Bailey (1945–2017), wa kizazi cha Bilali, aliyaandika maisha hayo katika kitabu cha mwaka wa 2000. Wakazi wa kudumu wa asili hiyo sasa ni makumi machache.

Shinikizo la sasa halina mjeledi. Mwaka wa 2012 kodi za ardhi zilipanda ghafla, kwa kuwa nyumba za mapumziko zilizojengwa na wageni zilikuwa zimepandisha thamani ya viwanja. Kanuni za matumizi ya ardhi ziliweka kikomo cha nyumba kuwa futi za mraba 1,400, ukubwa usiomvutia tajiri. Mwezi wa Septemba 2023 baraza la kaunti lilipandisha kikomo hadi 3,000. Wakazi walikusanya sahihi ili kura ya maoni ipigwe. Mwaka wa 2024 jaji aliisimamisha watu wakiwa wamekwisha kuanza kupiga kura za mapema. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, wageni waliohudhuria siku ya utamaduni wa kisiwa walipokuwa wakingoja kivuko, daraja la gati liliporomoka na watu saba wakafa.

Mwezi wa Septemba 2025 Mahakama ya Juu ya Georgia iliamua kwamba wakazi walikuwa na haki ya kuitisha kura hiyo. Shauri zima lilitegemea tafsiri ya vifungu vya katiba ya jimbo: iwapo mamlaka ya raia ya kuzitangua sheria za kaunti yanahusu pia kanuni za ardhi. Majaji walisema yanahusu. Katika makaburi ya Sapelo, yaitwayo Behavior, wazee waliozikwa humo walilazwa vichwa vikielekea magharibi na nyuso mashariki. Mwenye ardhi inayoyazunguka sasa ni jimbo.